Kengele ya Sorvelle

Leo nimepatikana. Sijaibiwa, sijagongwa na boda. Nimejiponza mwenyewe kwa ujuaji wangu, mbele ya wanachama wote wa kikundi chetu cha wafugaji hapa Rongo. Hasira ninayo bado, na nimekosa wa kumkasirikia isipokuwa mimi.

Mnajua mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nina ng'ombe wawili, na kwenye kikundi ndimi katibu. Wiki iliyopita mwenyekiti wetu, Mzee Ogutu, alinipigia simu.

"Madam, sika kalamu. Kuna mgeni anakuja kutoka Ufaransa, mkulima kama sisi. Kijiji chao kinaitwa Sorvelle. Soma historia na jografia yake yote, umkaribise nayo. Anatafuta mtu mmoja aende kwao mwesi mmoja, ajifunse kutengenesa jibini."

Mtu mmoja. Nilijua ni mimi, nani mwingine? (Pasipoti ninayo tangu mwaka juzi. Haijawahi kunivusha hata mpaka wa hapo Isebania.) Nikampigia mama kule Rusinga, nikamwambia aanze kuniagia majirani. Nikashuka Migori sokoni, nikanunua koti la baridi la mtumba.

Sasa sikieni ujinga wangu. Mzee Ogutu ni Mjaluo kama mimi, lakini "sh" haijawahi kutoka mdomoni mwake. Shamba kwake ni samba. Mashine ni masine. Kwa hivyo aliposema Sorvelle, mimi mwalimu mzima nikamsahihisha kimoyomoyo: anamaanisha Shorvelle, maskini. Na kwa kuwa niliwahi kusikia Wafaransa huandika "ch" pale wanapotamka "sh", nikaingia mtandaoni nikatafuta Chorvelle.

Na kikapatikana! Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Kingekosekana ningenusurika. Kijiji kidogo cha wakulima, nyumba za mawe, mto unapita kando. (Kwenye ramani kulikuwa na kijiji kingine ng'ambo ya mto. Sikuvuta picha karibu nisome jina lake. Cha nini?) Nikasoma siku tatu. Mpaka aina ya udongo wao nikaikariri, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawajasahihishiwa insha mpaka leo.

Basi leo saa tano tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Mgeni ni mama wa makamo anayeitwa Odile, mwenye mikono ya mtu anayekamua kila siku. Alifundisha miaka mingi upande wa Tanzania, kwa hivyo Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Mimi nimevaa lile koti. Jua la Rongo, paa la mabati, na nimefunga vifungo vyote. (Nilitaka aone niko tayari kusafiri.)

Nikasimama. Nikalisifu bonde lao, udongo wao wa mfinyanzi, ng'ombe wao wa madoa. Odile akakunja uso kidogo. Nikadhani ameguswa, nikaongeza sauti na kuingia kwenye historia.

"Na zamani," nikasema, "mashujaa wenu walivuka mto siku ya mavuno, wakaibeba kengele ya kanisa la wale majirani wachoyo waliowafungia maji ya kinu cha kusagia. Mpaka leo inalia kwenu. Hongereni sana, mama!"

Nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu.

Odile akaweka kikombe cha chai mezani.

"Mwalimu, mimi ninatoka Sorvelle."

"Ndiyo, Shorvelle," nikasema, nikimsaidia. (Nikimsaidia kutamka kwao. Mimi.)

"Sorvelle," akasema. "Ng'ambo ya mto. Hiyo kengele ni yetu."

Watu wote wakanigeukia. Yeye akaendelea.

"Na maji hatukuwafungia. Kinu chao kilikuwa kibovu."

Jasho likaanza kunitoka hadi kwenye soksi. Na koti siwezi kulivua, maana ndani nimevaa blauzi iliyochanika mgongoni, ile niliyosema haitaonekana. Nikabaki nimesimama hapo na karatasi zangu kumi na mbili, ninachemka.

Mzee Ogutu akainuka taratibu, akavua kofia.

"Mama, utusamehe. Mimi nilimwambia Sorvelle, yeye ni msomi, akaongesa elimu. Lakini hao watu wairudise hiyo kengele. Mali ya mtu ni ya mtu."

Odile akacheka mpaka akafuta macho. Akamuuliza, "Baba, wewe umelitaja jina la kwetu vizuri kuliko mtu yeyote niliyekutana naye huku. Jibini unaipenda?"

"Sijawahi kuonja. Lakini masiwa nayajua."

"Utakuja kwetu."

Watu wakapiga makofi. Safari hii walipiga wote, hata mweka hazina ambaye huwa analala.

"Pasipoti unayo?" Odile akauliza.

"Sina," Mzee akasema, akanigeukia kwa upole ambao sitausamehe. "Lakini katibu wangu atanijasia fomu."

Ninaijaza hapa sasa hivi. Koti pia ameliomba, na limemkaa vizuri kuliko mimi. Mama bado anaaga majirani kule Rusinga na sina ujasiri wa kumpigia, kwa hivyo mwenye roho nzuri amwambie. Mimi msinipigie. Pole zenu ziandikeni hapa chini, kwa "sh" au kwa "s", mnavyotaka.

Nitasukuru.