Tairi Zilizopigwa Moshi

Jumapili, 27 Agosti 1967

Pancha tena! Ludwina alikuwa mbele na wasichana wawili tu, mzunguko wa mwisho, na mimi nimeshapanda juu ya pipa la bia ili nimwone vizuri. Psss. Niliisikia kutoka pale juu ya pipa. Akashuka, akabeba baiskeli begani, akamalizia mbio kwa miguu. Binti yangu halii. Niliyelia ni mimi, kidogo, nyuma ya kibanda cha chipsi.

Kosa si lake. Kosa ni la tairi. Ilitoka dukani Ijumaa! Mbichi kabisa! Hapa Zwartebeke kila mtu anajua kwamba tairi ya mbio hulazwa kwanza gizani, mahali pakavu, miaka kadhaa, mpaka mpira ukaze na vijiwe vishindwe kuingia. Nilimweleza hayo njia nzima ya kurudi. Akanijibu kwamba tairi si jibini.

Miaka kumi na tisa, na tayari anajua kila kitu. Amechukua tabia ya mama yake.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimekwenda kwa shemeji Odiel, kaka wa mke wangu, mwoka mikate. Stoo yake ya chini ina tairi zilizolala tangu zamani, zimevishwa kwenye ringi kuukuu na kutundikwa ukutani kama picha za watakatifu. Huzishukia kila Jumamosi, akazigeuza moja moja na kuzisemesha. Baiskeli mwenyewe hapandi tena. Tumbo limekataa.

Nikamwomba jozi moja tu. Nikamkumbusha kwamba mbio za sikukuu ya kijiji zinakuja, na mabwana wa jimbo watakuwepo kuchagua wasichana wa timu. Akasema hizo haziguswi. Akaongeza kwamba mwuza nyama anayekatia wateja soseji nyembamba vile hana subira ya kulaza tairi.

Nyembamba! Soseji zangu!

Jumanne, 29 Agosti

Nimepata wazo nikiwa nakojoa. Mawazo yangu makubwa yote hunijia hapo.

Paja bichi la nguruwe linahitaji nini ili likae? Moshi! Siku chache kwenye chumba changu cha kukaushia nyama kwa moshi, linakuwa na umri ambao kwenye stoo ya Odiel halingeupata hata kwa miaka mitano. Sasa mpira una tofauti gani na nyama? Nimenunua jozi mpya, nimeitundika kati ya mapaja mawili. Godelieve, mke wangu, aliuliza zile nyeusi ni nini. Nikamwambia ni soseji za damu, oda maalumu. Akasema ni kubwa. Nikakubali kwamba ni kubwa.

Jumamosi, 2 Septemba

Maafa. Tairi zimekauka, ndiyo. Zimekauka mpaka zimepasuka nyufa nyembamba, kama kisigino cha mzee. Nikizikunja zinalia. Na harufu! Nimezipaka dawa ya viatu, nyeusi, tabaka mbili. Nyufa hazionekani tena. Harufu ipo.

Nilikaa nao uchungu wangu juu ya ndoo. Kisha wazo la pili likaja. Safari hii hata sikuwa nakojoa.

Jumapili, 3 Septemba

Nimefanya. Wakati wa misa nilimwambia Godelieve tumbo linanikata. Odiel huimba kwaya, nyumba yake tupu, mlango wa stoo haufungwi. Nikachukua jozi iliyo bora kuliko zote, ile ya kona ya ndani, nikatundika zangu za moshi mahali pake, asije akaona pengo. Harufu hainitishi. Pua ya Odiel ilikufa zamani kwa vumbi la unga. Ukimwekea samaki aliyeoza atauliza ni ua gani.

Nilipokuwa napanda ngazi kwaya ilisikika mpaka barabarani. Sauti ya Odiel juu ya zote. Nilijisikia vibaya kiasi, kisha nikapita.

Jumamosi, 9 Septemba

Kutwa nzima nilikuwa napeleka nyama kwa kamati ya sikukuu. Nimerudi jioni na furaha yangu, nimvishie Ludwina zile tairi nilizochukua. Baiskeli haipo! Ludwina hayupo! Godelieve akasema amekwenda kulala kwa mjomba wake, karibu na mahali pa kuanzia mbio, na kwamba mjomba ana zawadi yake ya siri.

Odiel atoe zawadi? Labda keki. Namwombea isiwe nzito tumboni.

Jumapili, 10 Septemba

Sitaki kuandika. Lakini nitaandika.

Asubuhi nilifika uwanjani mapema. Odiel akanivuta kando, macho yamemlowa. Akasema, "Shemeji, nilikunyima wewe, sikumnyima mtoto." Alikuwa amempa Ludwina jozi yake bora, ile ya kona ya ndani. Jana waliketi wawili wakazibandika kwa gundi kwenye ringi, kama zinavyobandikwa tairi zote za mbio, yeye akimsimulia habari za marehemu babu yake.

Sikusikia alichoendelea kusema. Mbwa wa padri alikuwa analamba gurudumu la nyuma la Ludwina.

Nikamwendea. Sentensi moja tu ilihitajika: hizo ni mbovu, nilizipiga moshi nikazibadilisha. Moja! Lakini Odiel amesimama pale, mwenyekiti wa kamati pale, nusu ya wateja wangu pale na bia zao. Nikamshika binti yangu bega nikasema, "Mwanangu, upepo umebadilika. Hebu weka magurudumu mengine."

"Upepo na magurudumu wapi na wapi?"

"Nisikilize mimi, baba yako."

"Baba, leo niache. Nakuomba. Leo tu niache." Alisema kwa upole. Afadhali angenifokea.

Filimbi ikalia.

Alikuwa peke yake mbele. Hilo naliandika lijulikane. Peke yake, mzunguko wa mwisho, wengine hawaonekani. Akaingia kona ya duka la dawa, na tairi ya mbele ikafunguka kama soseji iliyozidi moto. Akaanguka juu ya mawe, ubavuni. Mfupa wa bega umevunjika. Mabwana wa jimbo walikuja kumtazama, wakavua kofia, kisha wakaenda kuwapongeza wengine.

Nilipomfikia alinishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akikishika utotoni.

Jumatano, 13 Septemba

Nimekwenda hospitali na mapaja mawili, moja la daktari. Nilikuwa nimepanga maneno. Ningeanza na hali ya hewa, halafu viwanda vya siku hizi, halafu polepole nifike kwangu.

Hakuniacha nianze. Akasema anajua. Alipolala pale juu ya mawe tairi ilikuwa karibu na pua yake, na ilinukia nyumbani. Miaka yote analala juu ya chumba cha moshi, hawezi kuikosea harufu ile. Hata akiwa kwa mjomba, kila alichokwenda nacho kinanuka hivyo, nguo, nywele, begi, ndiyo maana hakushtuka wakati wa kubandika.

Nikamwambia niko radhi anichukie kwa ajili ya tairi. Akasema hanichukii, na tairi si neno, tairi hupasuka. "Ulinitazama usoni, baba," akasema, "ukaniambia habari za upepo."

Nikamenya yai lake. Nikalimenya vibaya, nusu ya ute ikabaki kwenye ganda. Akalila hivyo hivyo.

Ijumaa, 15 Septemba

Nimemrudishia Odiel tairi zake. Nilitegemea matusi, hata kofi. Nimemkuta amekaa juu ya gunia la unga, ndevu hazijanyolewa, na tanuri ni la baridi. Mwoka mikate, Ijumaa, tanuri la baridi! Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Akasema nusura amuue mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Akasema labda alizilaza mno, labda mpira hufa kama mtu. Tangu Jumapili hajalala.

Siku zote hizo, shemeji yangu amebeba mzigo wangu! Na mimi nimekula, nimeuza nyama, nimesinzia mchana.

Nikamwambia yote. Misa, tumbo, dawa ya viatu. Akajipangusa unga magotini. Kisha akauliza, "Moshi wa mti gani?"

Nikasema wa mwaloni. Akatikisa kichwa.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Hajui kama kulaza tairi kunasaidia. Hajawahi kujua. Zamani viwanda viliuza mpira mbichi, na baba yake alizilaza, basi naye akazilaza. Siku hizi huenda zinatoka zimekwisha kuwa tayari, na miaka inaziharibu tu. Anashuka kule Jumamosi kwa sababu kuna utulivu, na tangu mkewe afariki hana mwingine wa kumgeuza upande kitandani ili alale vizuri.

Akachukua zile tairi, akashuka nazo kuzitundika. Sikumfuata. Nilibaki nikimsikia akizisemesha. Kisha nikamwashia tanuri. Ndicho nilichoweza.

Jumapili, 17 Septemba

Ludwina yuko nyumbani, mkono umefungwa kifuani. Mchana tulikula sungura na matunda ya plamu, Godelieve akimkatia nyama. Odiel alikuja na mkate. Alinipa salamu ya mkono, baridi, lakini ya mkono. Ludwina alicheka mara moja, Godelieve aliposimulia habari za soseji za damu za oda maalumu. Nilitamani acheke tena. Hakucheka tena.

Daktari anasema Aprili ataweza kushindana. Nikasimama mbele ya wote, mkono kifuani, nikaapa kwamba sitaigusa tena baiskeli ya binti yangu. Niliapa kwa moyo wote. Godelieve alilia. Hata Odiel alipenga pua.

Nilikuwa bado nina moyo huo mpaka kahawa ilipoletwa.

Kwa sababu, tukitazama mambo kwa utulivu, kosa lilikuwa wapi? Joto! Moshi ni joto, na joto ndilo lililopasua mpira. Chumvi haina joto. Chumvi inakausha taratibu, kwa heshima, na mpaka Aprili ni muda wa kutosha kabisa. Na kiapo kilihusu baiskeli. Tairi ambayo haijafungwa si baiskeli.

Tairi nyingine mbili zimo tayari ndani ya pipa la chumvi, chini ya vichwa vya nguruwe, ambako Godelieve hapendi kutia mkono. Ludwina nitamwambia, bila shaka. Safari hii nitamwambia kila kitu, mapema, bila kuficha.

Zikishaiva.