Akello wa Migosi Aiteka Hati Yake ya Talaka

Nawategea, na mwenye masikio ayasogeze hapa karibu na jiko: nilizaliwa siku nyumba ya watu ilipovunjika, nikafungwa kamba tumboni, nikalazwa rafuni gizani pamoja na ndugu zangu tusiosalimiana; sili, sinywi, sizeeki ila pembeni, na sitoki humo mpaka mtu aje mlangoni aniite kwa jina la yule aliyenileta. Mimi ni nani?

Msiniambie maiti, maana maiti hatolewi fotokopi. Msiniambie mahindi ya ghalani. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Ahero, vema, nimekwenda Ahero, nimekula wali wao mpaka nikalegeza leso kiunoni, nimerudi, na jibu ndilo hili: faili ya talaka.

Tulieni sasa, enyi watu wa ufuo wa ziwa, nyinyi mnaoparua samaki na nyinyi mnaongoja kuletewa sahanini, mkasikie habari za Dorca Akello, Binti Uyoma, Mpasua-Mbuta, Nguzo ya Migosi, mwanamke ambaye kisu chake kikiinuliwa samaki hulala ubavu bila kuambiwa. Jinsi alivyotoka kwake asubuhi na mkoba mmoja begani, akauendea mji wa karatasi peke yake, akapigana na adui ambaye hakuna askari wa langoni aliyemwona akiingia, maana alikuwa ameingia naye mdomoni.

Chanzo cha vita kilikuwa mlango. Mlango wa nyumba aliyopanga Akello kule Migosi ulikataa kufunga, na aliyeitwa kuutengeneza ni Absalom Simiyu, mjane mpole aliyetoka Bungoma, Bwana wa Randa, Mtuliza-Bawaba. Mlango ulipona siku ileile. Lakini Simiyu alirudi kesho yake kuutazama kama haujapata homa, akarudi tena kuupaka mafuta, akarudi tena kuupapasa tu, hata wapangaji wenzake wa ploti wakaanza kumsalimia kwa tabasamu refu kuliko salamu yenyewe. Ndipo jioni moja akasimama kizingitini, bisibisi mkononi kama fimbo ya enzi, akanena:

"Akello, mlango huu sina tena dawa ya kuupa. Nikija kesho watu watasema nimekuja kwa sababu nyingine, na watakuwa wamesema kweli. Mimi nilifiwa, wewe uliachana na mtu wako zamani. Twende kwa msajili wa ndoa tuandikishwe kama watu wazima."

Akello alikuwa ameinamia mbuta mkubwa, naye hakuinua uso. "Fundi, unajua msajili anataka nini kwa mwanamke aliyewahi kuolewa? Anataka amri ya mwisho ya talaka, na mhuri wa mahakama uwe juu yake. Bila hiyo, mimi bado ni mke wa kule. Siku nikifa watakuja na lori kuchukua mwili wao, na wewe utabaki hapo umeshika bisibisi."

"Basi itoe hiyo karatasi."

"Niliichoma. Siku niliyopewa nilikuwa na hasira, na jiko la kukaushia samaki lilikuwa limekataa kushika."

Simiyu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi aonaye mbao nzuri ikiliwa na mchwa. "Yako uliichoma. Mahakama haikuchoma yake. Na ukiipata, Akello, utaniambia nini?"

Hapo Binti Uyoma akaparua samaki kwa nguvu ambayo samaki hakuistahili. Magamba yakaruka kama mishale, moja likatua kwenye nyusi ya Simiyu likakaa. Simiyu akaenda zake na gamba lake usoni kama nishani, na swali likabaki pale kizingitini, watu wakiliruka kuingia na kutoka.

Msidhani hakumtaka. Alimtaka. Lakini aliwahi kuachwa mbele ya watu, jina lake likasomwa kwa sauti ndani ya chumba chenye feni, na tangu siku ile kila jambo la ndoa lilimkalia kooni kama mwiba wa samaki ngege. Akajiambia: nitaileta kwanza karatasi, halafu nitajua kama nina sauti.

Basi siku ya vita ikapambazuka. Akello akawaacha samaki wake kwa jirani, mwenye mizani inayojulikana kwa maradhi yake, akavaa gauni la kanisani, akashuka mjini. Simiyu alimfuata hata kwenye ua wa mahakama, amevaa koti la Krismasi.

"Wewe utakaa kwenye hili benchi," Akello akamwamuru. "Mwanamume mpya haendi kusaidia kutafuta faili ya mwanamume wa zamani. Watu watafikiri tunafanya sinema."

"Nitakaa," akasema Simiyu. "Mimi hata kungoja gundi ikauke huwa sichoki."

Huko ndani palikuwa na foleni ya kale, foleni yenye watu waliokwisha kufahamiana na kugombana na kupatana. Akello akapiga hatua, akasimama, akapiga hatua, kama jeshi linalovuka mto kwa kupapasa mawe, mpaka akafika mbele ya kaunta. Hapo alikaa Nasambu, karani wa masijala, Mlinzi wa Rafu, mwanamke kijana mwenye macho matulivu kama ya daktari wa meno.

"Karibu Mama. Nikusaidie nini?"

Akello akauweka mkoba juu ya kaunta, akasafisha koo, akahutubia: "Wewe binti uliyekabidhiwa funguo za ugomvi wa watu wote wa jimbo hili, mimi ni Dorca Akello wa Migosi. Nimetandika kitanda, nimeacha biashara, nimeacha na chai. Nimekuja kuchukua nakala ya amri yangu ya talaka, iliyothibitishwa na kupigwa mhuri. Sitaki nyingine, nataka yangu."

"Sawa Mama. Una namba ya kesi?"

"Iliungua."

"Pole. Mwaka je?"

"Mwaka gugu la ziwani lilipofunga ufuo wa Luanda Kotieno, feri ya Mbita ikasimama majini kama ng'ombe aliyekwama matopeni."

Nasambu akaishusha kalamu polepole. "Mama, gugu huja na kurudi. Hakuna kitu kingine cha mwaka huo?"

"Binti yangu alimaliza fomu foo."

"Hapo sasa umenipa mwaka," akasema Nasambu, akainuka, akarudi amekumbatia rejista ya kesi za talaka, nene kama godoro la mtoto. Akaifungua. Kidole chake kikashuka ukurasa, kikageuza, kikashuka tena. Foleni nzima ikarefusha shingo kwa heshima ya kidole. "Dorca Akello hayuko."

"Angalia tena."

"Nimeangalia tena."

Nyuma yake mzee mmoja aliyekuja kwa shauri la ng'ombe akatoa maoni yake bila kuombwa: "Pengine Mama hakuachwa vizuri. Kuna watu huachwa nusu."

"Mzee," Akello akajibu bila kugeuka, "wewe una kesi ya ng'ombe. Shughulika na ng'ombe."

Nasambu akakificha kicheko chake ndani ya kikohozi. "Mama, sikiliza. Rejista hii inafuata jina la yule aliyeleta kesi. Mwingine anaandikwa baada yake. Ni wewe ulileta au ni mumeo?"

"Ni Baba Debra."

"Baba Debra anaitwa nani?"

"Anaitwa Baba Debra."

Ndugu zangu, hapa ndipo adui alipoonyesha pembe zake. Maana kwao Akello mke hamwiti mumewe kwa jina kama anayeita kuku. Humwita baba wa mtoto wake, na hiyo ndiyo adabu. Lakini Akello alikuwa ameongeza kiapo juu ya adabu. Siku alipotoka katika boma lile, beseni la dagaa wa omena kichwani, aliapa kwamba jina la mtu yule halitapita tena katikati ya meno yake, nalo halikupita. Hata kwenye harusi ya Debra, aliposhikishwa maikrofoni amshukuru mzazi mwenzake, alisema, "Naushukuru upande ule," akaurudishia upande ule maikrofoni yao.

"Kama kusema ni ngumu, andika hapa," Nasambu akamsogezea kipande cha karatasi.

"Kuandika si ni kusema kwa mkono?"

"Mama, mimi bila jina sina mlango wa kuingilia. Nikianza kufungua faili za mwaka mzima, huyu mzee ng'ombe wake watazaa na kuzeeka."

Mzee akaafiki kwa kichwa.

Ndipo Akello, Mjanja wa Mizani, akabuni mbinu. Akatoa simu, akampigia bintiye, akaiweka sauti juu, akaielekeza simu kwa karani kama anayeelekeza mzinga. "Debra, nyathina, mwanangu, mwambie huyu dada jina kamili la baba yako."

"Baba?" simu ikauliza. "Kwa nini? Mama uko wapi? Mbona nasikia watu wanaitwa kwa namba? Umeshikwa?"

"Sijashikwa. Sema jina."

"Mama, uko kortini unatafuta nini?"

Foleni ikainama mbele ili isipitwe na jibu. Akello akaikata simu kama anavyokata kichwa cha kambare. Maana kumjibu Debra kungekuwa kumtaja Simiyu, na kumtaja Simiyu mbele ya mzee wa ng'ombe kungekuwa kulitangazia soko zima.

Basi mbinu ilikufa, na shujaa akabaki peke yake uwanjani. Akafikiri kurudi nyumbani. Samaki wangempokea, mlango ungefunga vizuri, na Simiyu angezidi kungoja kwa ule upole wake, mwaka huu na mwaka ujao, mpaka wote wawili wachoke kwa heshima. Akauona mwaka ujao. Hakuupenda. Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Ulimi ukainuka ukaanguka, ukainuka tena. Meno, walinzi wa tangu zamani, yakasita, kisha malango yakafunguka.

"Gordon," akasema. "Gordon Oluoch."

Paa la mahakama likakaa mahali pake. Feni ikaendelea kuzunguka. Mzee wa ng'ombe akapiga miayo. Naye Akello akagundua kwamba lile jina, alilolibeba miaka yote kama kaa la moto chini ya ulimi, lilikuwa limepoa zamani bila kumwarifu.

"Gordon Oluoch, yuko," akasema Nasambu, kidole kimetua. Kisha akakunja uso. "Lakini Mama, upande wa pili hakuna Akello. Kumeandikwa Nyar Uyoma."

Akello akamtazama kama hakusikia. Halafu bega moja likaanza kutikisika, likafuata la pili, akacheka mpaka akatafuta leso ya kufutia macho. Maana hata mume wa kwao humwita mkewe kwa jina la alikotoka: binti wa mahali fulani, basi. Na Gordon Oluoch, alipoandika mashtaka yake ya kumwacha, aliandika jina alilolizoea.

"Ni mimi," akasema alipopata pumzi. "Ni mimi huyo. Bwana yule tumekula naye sufuria moja mpaka mtoto akamaliza shule, na hata siku ya kunifukuza hakuweza kunitaja. Kumbe tulikuwa wawili."

"Mama, mimi nakuamini, lakini binti za Uyoma ni wengi. Ngoja nilete faili."

Nasambu akazama kwenye rafu, akaibuka na vumbi kwenye paji la uso na faili iliyofungwa kamba tumboni. Akaifungua. Na humo, katika jibu alilolitoa Akello mwenyewe siku zile za ghadhabu, palikuwa pameandikwa: mimi Dorca Akello, niitwaye katika kesi hii Nyar Uyoma, na chini yake namba ya kitambulisho. Kitambulisho kikatolewa mkobani, namba ikalala juu ya namba, zikalingana kama kifuniko na chungu. Amri ya mwisho ilikuwa nyuma kabisa, safi, haijaguswa na mtu.

Akello akaandika ombi lake: namba ya kesi, majina ya pande zote mbili, na kwamba anataka nakala iliyothibitishwa ya amri ya mwisho. Jina la Gordon akaliandika kwa mwandiko mzuri kuliko hata la kwake mwenyewe. Akalipa kwa simu, akaonyesha risiti, akaambiwa arudi baada ya chakula cha mchana, akarudi. Mhuri ukainuliwa juu, ukatulia kidogo hewani, ukashuka: pu.

Mlio huo na uandikwe popote wanapoandika habari za mataifa. Siku hiyo hakuna mfalme aliyeanguka, bei ya mafuta haikushuka, hata gugu halikusogea ziwani. Lakini mwanamke mmoja wa Migosi alitoka masijala akiwa wake mwenyewe, na wale wa foleni wakampisha njia pana kama ile anayopita gavana. Mzee wa ng'ombe akavua kofia. "Sasa umeachwa vizuri, Mama," akasema, na safari hii Akello akamshukuru.

Kwenye benchi Simiyu alikuwa hajaondoka. Alisimama, akaifuta mikono kwenye koti la Krismasi, akaipokea karatasi, akaisoma kuanzia juu mpaka mhuri, akairudisha. Alitazama tu bawaba za lango la ua ule, akasema zinahitaji mafuta.

"Achana na hizo bawaba," akasema Akello. "Uliniuliza nikiipata nitakuambia nini."

"Niliuliza."

"Ndiyo, Absalom. Lakini omena utajifunza kula, na vichwa vyake."