Harith na Mkono wa Kilo Ishirini

Harith Shee hakuwa mwizi. Mwizi huruka ukuta. Harith aliingilia mlangoni, tena akakaribishwa chai. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye hoteli moja ya Garsen, anamalizia mahamri aliyonunuliwa na mtu mwingine, alipoona tangazo juu ya sinki la kunawia mikono. Ushirika wa wakulima wa maembe wa Idsowe ulikuwa unatafuta mkono wa roboti wa kiwandani, wa ukubwa wa kati, uweze kunyanyua kreti na kufunga vifuniko vya ndoo. Wauzaji waje na mashine, ijaribiwe.

"Alhamdulillahi," alisema Harith, kwa unyenyekevu wa mtu aliyejibiwa dua ambayo hakuiomba.

Wakulima wa Idsowe na roboti! Aliwaona kabisa: wamepata ufadhili, hawajui waufanyie nini, wanangoja mtu mwenye suti awasaidie kuumaliza. Suti alikuwa nayo. Kilichokosekana ni roboti tu.

Roboti alikuwa nayo Tahir, fundi wa Mombasa anayekodisha mitambo, na Tahir si mtu wa kuchezewa. Alitaka dhamana. Dhamana pekee iliyokuwa karibu ni hati ya nyumba ya Shangazi Fatma huko Kipini, iliyofichwa kashani chini ya leso. Harith aliitoa. Mwenyewe alisema ameiazima.

"Ijumaa saa sita mchana mkono wangu uwe hapa," alisema Tahir. "Ukichelewa, nyumba ni yangu."

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumatatu aonyeshe mkono, Jumatatu hiyohiyo apokee malipo ya awali, aseme anaurudisha Mombasa ukapakwe rangi ya ushirika, na wasionane tena mpaka kiama. Polisi hakuwaogopa. Shangazi Fatma ndiye aliyemwogopa, na haki yake: mama huyo alimlea, na hana nyumba nyingine.

Kiwandani alipokelewa na mwenyekiti, Mama Kaviha, mwanamke mfupi wa Kigiriama aliyefunga miwani yake kwa uzi. Harith alihubiri. Mkono una viungo sita. Unafika mita moja na nusu na ushei. Ukiweka kitu, unakiweka palepale kila mara, haukosei hata unene wa ukucha. Unabeba kilo ishirini.

"Hauli?" aliuliza Mama Kaviha.

"Hauli, mama."

"Hauendi matanga?"

"Uende wapi, mama? Hauna ukoo."

Mama Kaviha alifungua kabati, akamwonyesha bahasha nene. "Hii hapa. Tukimaliza majaribio."

"Majaribio ni dakika tano tu, mama."

"Kwetu kibarua hujaribiwa kwanza, mwanangu. Tena kwa kazi, si kwa kutazamwa sura."

Basi Jumatatu wakajaribu nguvu. Maembe yalikuwa yamefurika, kreti zimepangwa mpaka kwenye choo cha wanaume. Mkono ulishika kreti iliyojaa, ukainua kidogo, ukalia pii-pii, ukasimama. Harith alitokwa jasho.

"Usijali," alisema Mama Kaviha kwa huruma. "Tutie nusu nusu."

Wakatia nusu nusu, kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama. Jumanne wakajaribu urefu: kutoka kwenye lori mpaka kwenye tangi la kuoshea, siku nzima. Jumatano ikawa zamu ya usahihi. Mkono ulifunga kifuniko cha ndoo ya kwanza ya rojo la maembe, kikakaa sawasawa, na Harith akapiga makofi.

"Kimoja hakitoshi," alisema Mama Kaviha. "Hata mlevi hubahatisha kimoja."

Wakafunga ndoo mia tisa. Na kwa kuwa vitufe alivijua Harith peke yake, alisimama hapo miguu ikimvimba, macho kwenye kabati la bahasha. Jamani, tamaa!

Alhamisi maembe yakaisha. Harith alinukia juisi mpaka kwenye nyusi. "Mama, sasa tuandikiane."

"Dzombo!" Mama Kaviha alimwita fundi wake. "Lete mizani."

Dzombo alifungua kile kiganja cha chuma kinachoshika kreti, akakiweka juu ya mizani ya maembe. Kilo nne na nusu.

"Kreti yetu ikijaa ni kilo kumi na nane," alisema Mama Kaviha. "Ongeza kiganja. Mkono wako unabeba ngapi vile?"

"Lakini mama, kiganja hakihesabiwi!"

"Hivyo ndivyo walivyotuambia madalali miaka yote, kreti haihesabiwi, wakatunyoa. Hapa chombo hupimwa. Mkono wako ni mdogo, mwanangu. Pole sana."

Harith alimfikiria shangazi yake barazani, hajui lolote. Akasahau suti, akasahau maneno yake matamu. "Mama, nakuomba kwa Mungu. Mkono huu usipofika Mombasa kesho mchana, na nauli ya kuurudisha sina, shangazi yangu atatolewa nyumbani kwake."

Mama Kaviha alimtazama juu ya miwani. "Lori letu linakwenda Mombasa leo. Nafasi ipo. Ila haliondoki kabla ya ndoo kupakiwa, na wa kupakia ndiye huyo tumemfungua kiganja."

Harith alivua koti. Akabeba ndoo ya kwanza begani, ya pili, ya hamsini. Dereva, jina lake Kiti, alikaa kivulini akimwangalia.

"Unajitahidi, kaka," alisema Kiti. "Yule wa mwaka jana alileta foklifti. Tulipakia msimu mzima, kisha mama akasema ina moshi."

Harith alisimama, ndoo begani. "Kwani tangazo hubandikwa kila mwaka?"

"Maembe hayaivi kila mwaka?"

"Na ile bahasha?"

"Kadi za harusi ya Mitchelle, binti yake. Zilibaki nyingi."

Harith alitaka kupiga kelele awaite watu waje waone matapeli. Akafikiria atakavyojieleza yeye mwenyewe ni nani, akafunga mdomo, akarudi kuchukua ndoo nyingine.

Mama Kaviha alikuwa mlangoni na Dzombo, amekunja mikono.

"Muone," alimwambia fundi wake. "Ndoo nzima, hajalia pii-pii hata mara moja. Huyu angekuwa anauzwa, ningenunua."