Mnorwe Hajapiga Hodi

Ignas, ambaye kijiwe kizima kinamwita Redio kwa kuwa hazimwi, aliweka kikombe chini na kutangaza: "Leo idhaa imesema kuna watu wanatengeneza programu za kompyuta halafu wanazigawa bure. Na mmoja wao yuko hapa hapa Singida!"

Wote wakamgeukia Chediel. Chediel akaitazama kahawa yake.

"Bure?" Obadia, fundi baiskeli wanayemwita Spana, alishtuka. "Enzi hizi za soko huria, choo cha stendi tunalipia, wewe unagawa bure?"

"Ni ya kupimia alizeti kwenye mashine za kukamua mafuta. Anayetaka anaichukua, anaona kosa, ananiletea marekebisho. Nayasoma mstari kwa mstari, nikiridhika nayatia ndani."

"Sasa uso wa msiba wa nini?"

"Yamenizidi, Spana. Wahindi wanaleta, Wabrazili wanaleta, msomaji ni mimi peke yangu. Na kuna Mnorwe amesema nisipomjibu kufikia Ijumaa, anaichukua programu nzima aiendeleze kwake. Ruhusa anayo. Wenzake watamfuata, mimi nabaki na jina."

"Si upitishe yote tu?" Redio akauliza.

"Nilipitisha moja bila kusoma. Mkulima wa Ihanja akaleta magunia sita, mashine ikaandika ameondoka nayo. Akaitiwa mgambo."

Mama Anastazia, mwenye birika, akapuliza makaa. Hakucheka mtu.

"Hebu tusomee ya huyo Mnorwe," Spana akasema.

Chediel akatoa karatasi alizochapisha kwenye kafe ya intaneti, akatafsiri: "'Mstari wa arobaini una kosa. Badilisha hivi.'"

"Halafu?"

"Basi."

"Hajasalimia?"

"Hawa hawasalimii, bwana. Wanaokoa muda."

"Wa kwao! Wa kwako wanaumwaga! Mtu hajapiga hodi, hajasema ni nani wala katokea wapi, kaingia moja kwa moja anahamisha mitungi? Rudisha!"

"Rudisha, baba," Mama Anastazia akaunga mkono. "Aanzie mlangoni."

Chediel hakuwa na njia nyingine. Akaenda kafe, akarudisha yote na tangazo juu: asiyesalimia, asiyejitambulisha, asiyeeleza kilichomleta na nani anaumizwa na kosa hilo, hasomwi. Alipobonyeza, alijiona kama mtu aliyefungua zizi na kuwaswaga ng'ombe wake mwenyewe wakapotelee porini.

Ijumaa akaja amenuna.

"Kaondoka nayo?" Redio akawahi.

"Hapana. Ameandika kurasa mbili. Kaulizia mvua, kasema mkewe ni mjamzito. Alipofika kueleza ule mstari wa arobaini una kosa gani, akaona hauna. Kaomba radhi, kaondoa lake. Na wengine wengi vivyo hivyo."

"Yamebaki mangapi?"

"Manne. Leo nayamaliza."

"Sasa umenuna nini?"

Chediel akatua mfuko wa rambo uliofura karatasi. "Hizi zote ni salamu. Kuna Mbrazili nilimtajia mguu wa mama yangu, sasa anauliza unaendeleaje. Zinataka majibu."

Spana akajifuta grisi, akasogea kwenye benchi. "Hiyo sasa ndiyo kazi. Nipe Wahindi."

"Wabrazili wangu," Redio akadaka.

"Mnorwe mniachie mimi," Mama Anastazia akasema, akifunika birika. "Ninyi mtasahau kumuuliza mama kijacho ameamkaje."