Ubeti wa Tatu wa Padri Anselm

Jumatatu, 2 Juni
Nimechoka na wiki haijaanza. Padri Anselm anarudi kwao Ujerumani. Mzee Absalom, mwenyekiti wa kwaya yetu hapa Mjambere, anataka Jumapili tumwimbie wimbo aliokuwa akiimbiwa na mama yake. Atakayeuandaa ndiye mwalimu mpya wa kwaya. Rosalia wa sauti ya pili akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha yote miwili. Nikasema programu ya kuandika muziki naijua ndani nje.

Jumanne, 3 Juni
Noti zimeingia. Maneno yamegoma. Kijerumani kina herufi zenye vidoti kichwani, na kibodi ya saiba ya Junda, ninakokodi kompyuta, haina hata moja. Nikabonyeza hiki na kile, ukurasa mzima ukafutika! Ummi mwenye saiba akaniambia kwa upole kwamba wallahi si kazi, lugha ya kibodi hubadilishwa tu, nimwulize Rosalia, anajua. Rosalia? Bora niache kuimba.

Alhamisi, 5 Juni
Njia imepatikana! Wimbo uko mtandaoni, vidoti na vyote. Nikanakili ukurasa mzima, nikabandika. Programu ikagawa silabi yenyewe, kila noti na yake. Padri alitaja beti mbili, mimi nimepata tatu. Nyongeza ya Mungu. Rosalia akaomba aupitie kidogo. Nikamwambia aache wivu.

Jumamosi, 7 Juni
Mazoezi. Hakuna ajuaye Kijerumani, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Ubeti wa tatu unakwama kooni, ila besi wameupenda, hasa mwisho wake, wanaurudia kwa hisia kali. Mzee Absalom alifuta machozi. Rosalia akauliza neno "Cookies" limefuata nini kwenye wimbo wa mama. Nikamjibu hizo ni biskuti, mama gani hampikii mwanawe biskuti? Nimeshinda.

Jumapili, 8 Juni
Sina nguvu hata ya kuandika. Ubeti wa kwanza, Padri akalia. Wa pili, akalia zaidi. Wa tatu, akainua kichwa. Besi walipoanza kurudia, mabega yake yakatikisika. Baada ya misa akanishika mkono, akanieleza kwamba tumemwomba, kwa sauti nne, akubali vidakuzi vyote vya tovuti, ndizo zile "Cookies", au abadilishe mipangilio. Akasema amekubali vyote. Akasema pia kwamba zile beti mbili hakuwa amezisikia tangu amzike mama yake. Niliona aibu mpaka miguuni. Kwaya amepewa Rosalia.

Jumatatu, 9 Juni
Rosalia amekuja saiba kunionyesha jinsi ya kubadilisha kibodi. Niliitikia tu, sikumsikiliza. Mwezi ujao tuna wageni, masista kutoka Poland, na herufi za kwao zina mikia. Nimeshapata tovuti. Safari hii nimekuwa makini: nimebonyeza "kubali" kwanza, tangazo likaondoka, ndipo nikanakili ukurasa mzima. Ubeti wa mwisho una namba ya simu. Nimewapa soprano.