Nyumba Iliyokosa Pa Kukaa

Jumamosi, 2 Mei 1857. Chicago.

Nimenunua nyumba! Mimi, Almira Peck, mwalimu wa darasa la pili, umri miaka ishirini na minne, bila mume wala mshauri. Mkono ulipanda wenyewe. Nilisimama nyuma kabisa, matope yamenifika vifundoni, namtazama dalali juu ya pipa lake, na ghafla moyo ukaniambia: sasa!

Vyumba vinne. Mbao za msonobari. Rangi nyeupe. Madirisha sita, vioo vyote vizima. Tena Barabara ya Randolph, kitovu cha mji! Nilipofika walikuwa wanamaliza kugombania kitu kingine, kelele tupu. Ilipotajwa nyumba, kimya. Aliyeshindana nami ni mzee mmoja tu, akasema anataka kuni. Kuni! Mji huu una vichaa wengi.

Urithi wote wa marehemu baba umekwenda. Sijutii. Shangazi Keziah alinilea tangu nina miaka saba, na kwa miaka tisa tumehama chumba cha kupanga hadi chumba cha kupanga, cha sasa kiko chini ya ardhi na ukuta unatoa jasho. Anataka kitu kimoja tu kabla hajafa: mlango wake mwenyewe wa kufunga. Nilipomwambia aliniuliza kama sakafu inalia. Nikasema hailii. Akageukia ukutani ili nisimwone uso.

Siwezi kulala. Ni mji wa namna gani huu? Asubuhi kiwanja ni bwawa. Adhuhuri kina hati. Jioni kimeuzwa mara tatu, na vyura wangali wanaimba humohumo.

Jumapili, 3 Mei.

Aibu. Aibu ya kanisani, ambayo ni mbaya kuliko zote kwa kuwa watu wamevaa vizuri.

Lavinia Stroud, mwalimu wa darasa la tatu, alinisubiri mlangoni. Huyu ndiye aliyenunua kiwanja mwezi Machi, ng'ambo ya mto, na tangu siku hiyo anakizungumzia kama mchumba. Hana cha kuweka juu yake, hata banda la kuku. Akanipongeza mbele ya mke wa mchungaji. Kisha akauliza, kwa sauti ya asali, nitaipeleka wapi.

Nikauliza nitapeleka wapi nini.

"Nyumba, mwenzangu. Au utaibeba kichwani?"

Wakacheka. Hata mchungaji alikohoa kwa namna fulani.

Katika mji huu ardhi huuzwa peke yake na nyumba huuzwa peke yake. Kila mtu anajua. Mimi mwenyewe najua! Nimeona nyumba mia zikipita dirishani mwa darasa langu, nimewafafanulia watoto, nimechora ubaoni! Kile walichokuwa wakikigombania kabla sijatulia ndicho kiwanja. Amekichukua mfanyabiashara wa misumari, anataka kujenga duka. Nyumba yangu inatakiwa iwe imeondoka Jumatano saa sita mchana. Ikikutwa hapo ni mali yake, na ataivunja. Yote haya yameandikwa kwenye karatasi ya mnada, iliyokuwa ndani ya mkoba wangu, na niliyoisoma kwa mara ya kwanza wakati wa wimbo wa tatu.

Nimesoma Kilatini miaka minne.

Shangazi sijamwambia. Amekwisha kushona pazia moja.

Jumatatu, 4 Mei.

Baada ya shule, ofisi ya viwanja. Nina dola arobaini za akiba ya mshahara. Wakala akanitajia bei ya kipande kidogo, na malipo ya kwanza yalikuwa dola zilezile arobaini. Nikasema nikafikirie. Nikatoka, nikanywa maji bombani, nikarudi. Bei imepanda. Nikamwambia huu ni unyang'anyi. Nikiwa bado nalisema neno hilo, akafuta na kuandika nyingine.

Nikauliza kipo wapi ninachokiweza. Akaweka kidole kwenye sehemu ya buluu ya ramani. Nikamwambia bwana, hilo ni ziwa. Akasema litakauka tu, niwe na imani.

Lakini ramani ile! Ukuta mzima. Barabara zenye majina mahali ambapo leo kuna nyasi na kware tu. Mtu anakaa kitini, anapiga mstari kwa rula, na baada ya mwaka mmoja mstari una kanisa, duka la nyama na mtu anayelalamika kelele za jirani. Nilisahau shida yangu. Nilisimama pale mpaka wakafunga ofisi, na karani alinitoa kwa kunishika kiwiko.

Kwenda kumpigia magoti Lavinia? Afadhali ninyeshewe.

Jumanne, 5 Mei.

Nimepata! Akili hii sikupewa bure.

Nimesoma sheria ndogo za mji, zote, wakati watoto wanaandika imla. Nyumba yenye kibali inaruhusiwa kuwa barabarani siku tatu, mradi inakwenda. Ikisimama kwa kukosa pa kwenda, inavunjwa. Lakini hakuna mahali paliposema lazima ifike! Basi yangu itakwenda. Kibali kikiisha nitakata kingine. Nitaishi ndani yake ikitembea mpaka bei za viwanja zishuke. Kipandacho hushuka. Ni sayansi.

Nikamwendea Bwana Garrity, mhamisha nyumba, Mwairishi mwenye shingo kama gogo. Akauliza inakwenda wapi. Nikasema magharibi. Magharibi wapi? Magharibi tu. Akaikuna shingo hiyo, akasema, "Bibie, nimehamisha shule, nimehamisha kanisa, nimehamisha kilabu na walevi wamo ndani. Nyumba isiyokwenda popote, hii ndiyo ya kwanza." Kwa dola arobaini atakata kibali na kuvuta hadi Jumamosi saa sita, kibali kitakapoisha.

Nikamweleza Shangazi. Alitafuna mkate wa mahindi muda mrefu. Akauliza kama atahitaji kofia.

Jumatano, 6 Mei.

Nimeomba ruhusa shuleni, nimesema ni shughuli za familia. Sikusema familia itapita mbele ya shule.

Alfajiri wakaingiza jeki chini ya sakafu. Watu wanane. Garrity akipiga mluzi, kila mmoja anazungusha skrubu yake robo. Nyumba ikatoa sauti kama mtu anayeamka, na ardhi ikaiachia! Nilikuwa nimeweka kiganja ukutani. Nilihisi. Mbele wamesimika mti mnene katikati ya barabara, farasi mmoja anauzunguka, kamba inajikunja, na nyumba nzima, na jiko linawaka, na maharagwe yamo jikoni, na Shangazi yumo kwenye kiti chake cha kubembea, inateleza juu ya magogo. Saa tano na nusu tulikuwa nje ya mpaka. Mwenye misumari alisimama na shoka mkononi. Nikampungia.

Sijawahi kuona mji kwa namna hii. Mitaa ndiyo iliyopita dirishani. Duka la kofia likaja, likakaa kidogo, likaondoka. Kisha nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, yote ya mbao, nayo inainuliwa siku hiihii kwa kuwa barabara zinapandishwa juu ya matope. Wanaume mia chini yake, mluzi, robo. Ndani wageni wanakula. Bwana mmoja dirishani alikuwa na kijiko na yai. Akanitazama, nikamtazama. Tukapishana, yeye akienda juu, mimi nikienda mbele.

Nililia. Shangazi akasema ni moshi wa jiko. Haukuwa moshi. Kama watu wanaweza hili, ni nini kitakachowashinda?

Alhamisi, 7 Mei.

Tumekwama darajani. Daraja limezungushwa kupitisha meli, na meli haziishi. Zote zimejaa mbao. Misitu mizima ya kaskazini inaingia mjini imelala chali, ikatokee upande wa pili ikiwa majumba. Nilihesabu milingoti mpaka nikapoteza hesabu.

Lavinia akatukuta hapo akienda shule kwa miguu. Ametupita! Kabla hajatupita alibisha hodi.

"Almira mwenzangu, leo umehamia mtaa gani? Nikitaka kukuandikia barua, niandike wapi? Nimpe farasi?"

Nilikaa kama malkia. Nikasema anwani yangu ni Chicago. Basi akaingia bila kukaribishwa. Akapita chumba hadi chumba kwa hatua ndefu, za kujivuna, midomo inamchezacheza. Akatembea toka ukuta hadi ukuta, akageuka, akatembea tena. Wivu huo, nilijisemea, na nikaufurahia kupita kiasi. Shangazi akampa bakuli la maharagwe! Wakanong'ona kuhusu mapazia. Alipotoka nikamwona anasimama kidogo na Garrity.

Nilichelewa shule. Mwalimu mkuu akauliza sababu. Barabara imezibwa na nyumba, nikasema. Akauliza nyumba ya nani.

Ijumaa, 8 Mei.

Ng'ambo ya mto. Garrity amesema mbele matope ni mazito, afadhali tukate kushoto. Nikamkubalia. Ana uzoefu.

Halafu nimeona jambo la kutisha. Bei hazishuki. Zinapanda, na zinapanda mbele ya nyumba yangu! Wakala mmoja alikuwa amesimama juu ya sanduku katikati ya nyasi, anauza viwanja kwa watu sita wasiomsikiliza. Tulipotokeza akaninyooshea kidole mimi dirishani na kupiga ukelele, "Mnaona? Mnaona kwa macho yenu? Mji unakuja!" Wale sita wakageuka. Wakanitazama kama Musa alivyotazama kile kichaka. Ndani ya robo saa viwanja vyote vimekwisha, kimoja kimeuzwa mara mbili.

Kila ninapokwenda, ninapageuza ghali. Sina fedha ya kununua pale ninapopita kwa sababu nimepita. Nilijifungia chumba cha nyuma. Nusu hofu. Nusu nyingine, naandika kweli, ilikuwa fahari.

Jioni nimekwenda kukata kibali kipya. Karani akasema cha pili hutolewa kwa nyumba yenye anwani ya kufikia. Nikamwambia sheria haisemi. Akanifunulia ukurasa wa nyuma. Inasema.

Kesho saa sita, basi. Garrity ataondoa magogo yake, ofisa wa mji ataleta watu na mashoka. Shangazi ametundika pazia la pili.

Jumamosi, 9 Mei.

Saa tano. Farasi akasimama. Nikachungulia, nikaamuru mbele! Garrity akasema kamba inapumzika. Kamba!

Nikatazama upande wa pili. Lavinia Stroud amesimama kwenye kiwanja chake, mikono ya gauni imekunjwa, matope hadi magotini. Nyuma yake nguzo za mierezi, kumi na mbili, zimesimikwa tayari. Kwa kipimo cha nyumba yangu. Zile hatua ndefu za Alhamisi! Na ule upande wa kushoto wenye matope mepesi! Nikamtazama Garrity. Garrity akavitazama viatu vyake.

Nilimchukia kwa moyo wote, na bado, Mungu anisamehe, zile nguzo zilikuwa zimenyooka vizuri ajabu.

Masharti yake: chumba cha mbele ni chake, kodi ya ardhi kila tarehe moja, na shuleni nimwamkie mimi kwanza. Nikasema kamwe. Nikasema nitaivuta nyumba hii hadi bahari ya Pasifiki. Ofisa wa mji, aliyekwisha kufika na watu wake wanne, akatoa saa mfukoni na kuniambia kwa upole kwamba bahari iko mbali na zimebaki dakika ishirini.

Hapo Shangazi akainuka. Akashuka kwa ngazi, shali begani, mkate mikononi. Akaenda kusimama katikati ya nguzo.

"Almira, mwanangu, nimechoka kusafiri nikiwa nimekaa. Mimi nimefika. Nyie mkimaliza kugombana mtaniletea nyumba yangu."

Lavinia akaangalia pembeni. Mimi pia. Zimebaki dakika kumi na mbili. Nikaisoma hati yake kwanza, kisha nikatia saini.

Ikaingia juu ya zile nguzo kama mkono unavyoingia kwenye glavu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mluzi, robo, mluzi, robo, ikashuka, ikatulia. Ofisa akavua kofia. Watu wa mashoka wakapiga makofi. Shangazi akapanda, akafunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena. Tulisimama nje kwenye matope, mimi na Lavinia, hakuna aliyethubutu kubisha hodi.

Jumamosi, 16 Mei.

Wiki ya amani. Lavinia huimba alfajiri, vibaya. Namwamkia kwanza. Nimeapa mbele ya Shangazi kwamba minada basi, na kwamba karatasi yoyote nitaisoma kabla.

Leo nimetumwa uzi. Njiani palikuwa na mnada.

Nilisoma karatasi mara tatu, mbele na nyuma, kwa hiyo safari hii hakuna kosa. Duka la ghorofa mbili linauzwa vipande. Ya chini amenunua fundi viatu. Ya juu nimenunua mimi, kwa malipo kidogokidogo, na ngazi zake. Mwerezi na mwaloni! Madirisha kumi! Fikiria itakavyopita mitaani, ghorofa ya juu peke yake, kama wazo lililotoka kichwani mwa mtu! Garrity nilipomweleza alikaa chini, pale pale barabarani.

Inakwenda juu ya nyumba yetu. Hasa juu ya chumba cha mbele. Nimeiomba hati ya Lavinia kwa kisingizio cha kunakili mwandiko, nimeisoma neno kwa neno. Urefu umo. Upana umo. Kwenda juu, hakuna hata neno moja.