Nyama Niliyoichukua Kwenye Sahani ya Mnyalukolo

Leo nimeuaibisha ukoo mzima kwa pande moja la nyama ya mbuzi.

Nimesharudi nyumbani Nkuhungu. Koti nimevua, viatu bado viko miguuni, sina nguvu ya kuinama. Nawaandikia ninyi wa kundi hili kwa sababu mtasikia tu, na afadhali msikie kwangu mimi niliyekosa kuliko kwa binamu yangu Yona, ambaye hajawahi kusimulia jambo likabaki na ukubwa wake.

Wiki yenyewe ilikuwa nzuri mpaka nikajiona kijana. Mnajua kwamba tangu nistaafu nasimamia ujenzi wa nyumba za watu. Sasa hivi nina ghorofa ya bosi mmoja huku huku Nkuhungu, na mafundi wake wote ni Wahehe wa Iringa. Mgogo mimi, peke yangu, katikati ya Wahehe. Kwa vijana msiojua: sisi na wao ni watani. Mtani wako anaweza kuvaa kofia yako akaondoka nayo, anaweza kukutangazia msiba ungali hai, na ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Jumatatu nilikuta wamekalia kiti changu na mimi wameniwekea tofali. Kesho yake nikala chakula chote cha fundi Kalinga, nikamrudishia bakuli nikiwa nimeliosha vizuri. Akanishukuru kwa usafi, halafu mchana kutwa akawa anawaambia wapita njia kwamba mimi ni yatima, ameniokota njiani. Nilicheka hadi nikakaa chini. (Kwenye tofali.)

Na jioni nazo hazikuwa za kukaa nyumbani. Mji huu umebadilika, jamani. Siku hizi hakuna wiki isiyo na kikao cha harusi, na hakuna kikao kisicho na kuku. Nilikula nyama choma na watu wa kanisani, nikala samaki kwenye kikao, nikapelekwa kunywa supu na bosi mwenye ghorofa. Suruali ilianza kulalamika. Mke wangu yuko Haneti kwenye mavuno, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuniambia nimetosheka.

Sasa, Neema. Huyu ni kitinda mimba wangu, anafanya kazi kwenye ofisi moja kule Mji wa Serikali. Amepata mchumba, kijana mstaarabu anaitwa Elia. Wazazi wa Elia wangekuja leo Jumapili kutoka Morogoro, tule nao chakula cha mchana hotelini, tufahamiane kabla ya barua na mambo mengine kuanza. Nami niwaambie ukweli, jambo hili halikuwa dogo. Elia aliwahi kuwa na mchumba mwingine, na baba yake aliikataa familia ya yule binti baada ya kuonana nao mara moja tu. Mara moja. Neema alinieleza hayo macho yakiwa chini.

Alhamisi akanipeleka kwenye mgahawa kunifanyisha mazoezi. Nisijipakulie kabla ya wageni. Nisizungumzie ng'ombe wa mahari, hiyo ni kazi ya mshenga. Nikitumia uma, nisiushike kama jembe. Mwisho akaniambia, "Baba, naomba kitu kimoja tu. Siku hiyo uwe mpole."

Nikamjibu kwamba mimi nilizaliwa mpole. Hakucheka.

Leo tumetoka ibadani moja kwa moja hadi hotelini. Koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kofia kichwani. Meza yetu ilikuwa kando, chini ya feni, ina maua. Neema alinikalisha, akaenda getini na simu yake kuwasubiri wageni. Mimi nikabaki natazama chakula, maana hoteli ile chakula chote kimepangwa kwenye meza ndefu na kila mtu anajipakulia. Nikanusa mbuzi. Nikajiambia nikaangalie tu. (Nilichukua sahani ili nisionekane mshamba.)

Mbele yangu kwenye foleni alisimama mzee mmoja wa makamo yangu, mrefu, suti ya kijivu, anapakua taratibu huku anaongea na simu. Anaongea Kihehe! Wiki nzima nimekisikia saiti, sikio langu lisingeweza kukosea. Alipoagana na mtu wake akakata simu, mimi nilikuwa nimeshamsogelea.

"Kamwene, mnyalukolo," nikamwambia. Ndivyo tunavyowaita. "Nani amekufungulia geti?"

Akageuka akanitazama. Hakusema neno. Mimi nikaona huyu ni fundi wa utani. Mtani anayejua kazi hacheki haraka, anakusubiri uishiwe. Basi nikanyoosha uma, nikachukua pande la mbuzi kutoka kwenye sahani yake, kubwa kuliko yote, nikaliweka kwenye yangu. Mhudumu aliyekuwa anagawa pilau akasimamisha mwiko hewani. Nikamtoa wasiwasi kwamba huyu ni mtu wangu, namhurumia tumbo lake, nyama hajaizoea.

Mzee akaitazama nyama ikihama. Kidogo tu, pembeni mwa mdomo, kama tabasamu. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikampa sahani yangu aibebe, nikamwambia anifuate na asimwage mchuzi.

Na akaibeba! Sahani mbili, moja kila mkono, suti ya kijivu, ananifuata mimi katikati ya ukumbi. Nilitembea kama mkuu wa wilaya. Akaziweka mezani kwetu, akavuta kiti, akakaa.

Nikamwambia hapo asikae sana. Nangoja wakwe zangu, watu wa heshima kutoka Morogoro. Moyoni nilikuwa nimeshawapanga kuwa Waluguru, maana nani mwingine atoke Morogoro? Sikuwahi kumuuliza Neema. Wiki nzima kikao baada ya kikao, swali moja sikuuliza.

"Wakwe zako ni watu wa namna gani?" mzee akaniuliza. Sauti ya chini, nzuri, ya mtu mwenye nafasi.

Hapa, ndugu zangu, ndipo ningeweza kula na kunyamaza. Mdomo ulikuwa na nyama, lakini haikuziba.

Nikamweleza kwamba sijawaona, ila baba mtu nasikia ana maringo, anakataa familia za watu kama anachagua nyanya sokoni. Nikamwambia asinione hivi, nimejiandaa. Mshenga wa upande wetu nimemwelekeza aanze na idadi ya ng'ombe ya kutisha, kundi zima, wakwe washike vichwa. Baadaye tutashuka polepole, tuonekane watu wa huruma.

"Mkishuka mtasimama wapi?" akauliza, anajipakulia kachumbari.

Nikamsogelea. Nikainamisha kichwa. Nikamwambia, kwa kuwa yeye ni mtani na maneno yetu hayatoki nje, kwamba binti anampenda kijana hadi basi, kwa hiyo hata wakikaza sana, hata wakileta mbuzi watatu na blanketi, mimi nitapokea. Ila wasijue.

"Hawatajua kwangu," akasema.

Ndipo Neema akatokea. Nyuma yake Elia, na mama mmoja mwenye kitambaa kizuri kichwani. Neema anatembea haraka, anatabasamu, akafika mezani akapiga goti. "Shikamoo baba."

Nikaitika marahaba. Nikashangaa kidogo, kwa sababu tulikuwa tumeshasalimiana tangu asubuhi. Halafu nikaona goti halikuelekea kwangu. Lilielekea kwenye suti ya kijivu.

"Marahaba mwanangu," mzee akajibu. "Wenzangu walikufuata getini. Mimi njaa ilinishinda, nikapita mlango wa nyuma."

Neema akasimama akatutazama. Akatazama sahani mbili ambazo zilishaanza kuliwa. "Kumbe mmeshafahamiana?"

"Sana," mzee akasema. "Baba yako amenieleza kila kitu."

Sijui kama mmewahi kusikia damu yenu ikishuka. Mimi nimeisikia, ilipita masikioni ikaenda kwenye soksi. Kumbe mzee ni Mhehe aliyepelekwa Morogoro kikazi ujanani akajenga huko huko. Na mnajua sheria: mtani unamchukulia nyama, lakini mkwe humchukulii hata kijiti cha kuchokolea meno. Mkwe unampisha njia. Mimi nimembebesha sahani.

Neema alinisoma usoni. Hakuniuliza nimefanya nini, aliniuliza kwa macho nimeharibu kiasi gani. Mtoto wangu alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Hapo ndipo utani wote ulinitoka.

Nikasimama. Nikavua kofia. Nikasema mbele yao wote, na wahudumu wakisikia, kwamba nimekosa. Kwamba nilimtania baba mkwe wa binti yangu, nikamwita mwenye maringo, na binti hana hatia, mama yake ndiye aliyemlea. Nikasema kama kuna familia ya kukataliwa, nikataliwe mimi peke yangu, nihesabiwe kuwa jirani.

 

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa. Akamwambia Elia amvutie mama kiti. Kisha akamgeukia Neema.

"Mwanangu, wale wa kwanza walikaa na mimi mchana kutwa, sikupata neno moja la kweli. Huyu baba yako ndani ya sahani moja amenipa hadi la mshenga. Nyumba isiyoweza kuficha kitu, mimi nitamwoza mwanangu humo."

Neema akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama Elia akawa anauliza kuna nini, hakuna aliyeweza kumweleza. Mimi nikakaa.

"Ila mkwe," mzee akaendelea, na aliponiita mkwe aliinamisha kichwa kwa heshima zote, kama inavyotakiwa, "utani wetu umeishia leo. Hatutaurudia. Na kuhusu ng'ombe, mwambie mshenga wako asijisumbue kupanda. Tutaanzia pale pa mbuzi watatu na blanketi."

Basi. Neema anaolewa, na furaha yangu ni kubwa, sitawadanganya. Kilichobaki ni kwamba nimempata mtani bora kuliko wote niliowahi kukutana nao, na nimepigwa marufuku kumtania hadi nife. Mchana wote uliobaki tuliambiana "tafadhali" na "karibu sana" kama watu wanaosoma risala, na kila nilipomtazama nilijua anajizuia, nami najizuia. Tumeteseka.

Mlioko Haneti, mkimwona mke wangu shambani, mwambieni chakula kilikuwa kizuri. Habari za blanketi nitamweleza mwenyewe, akishaweka jembe chini.

Kwa wengine nina somo moja tu. Kabla hujachukua nyama ya mtani wako, muulize kwanza kama ana mtoto wa kiume.